Futikamba Kwanza: Kuchagua Mapambo ya Meza za Harusi Nyanda za Juu Kusini

Kikao cha kamati ya harusi kikifika kwenye ajenda ya mapambo, simu huanza kuzunguka mkono kwa mkono. Kila mjumbe ana picha yake: stendi ndefu za dhahabu, mafungu ya maua meupe, mishumaa, vioo. Picha hizo zina upungufu mmoja ambao kamati nyingi huutambua siku ya sherehe yenyewe, nao ni kwamba mezani hakuna mtu. Hakuna sahani ya pilau, hakuna soda wala chupa ya maji, hakuna mkoba wa mama mdogo wala koti la mgeni aliyeshuka kutoka Makete usiku wa Julai. Meza ya harusi ya Mbeya, Iringa au Njombe hubeba vitu vyote hivyo. Pambo la katikati, au sentapisi kama wapambaji wengi wanavyoliita, hupewa nafasi inayobaki.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi na maua, mtu mmoja wa kamati aende ukumbini na futikamba. Apime upana wa meza, urefu wake kutoka sakafuni, na ahesabu meza zilizopo kweli. Kumbi nyingi hutaja idadi ya viti, na idadi ya meza ni jambo jingine kabisa. Sherehe nyingi za kwetu hupanga viti vya mistari kwa wageni wengi, na meza zinakuwa za wazazi, kamati, wasindikizaji na wageni wachache wa mbele. Kamati iliyopanga bajeti ya meza 30 ikakuta 14 imepata nafuu kubwa, mradi iijue mapema.

Hesabu ya nafasi

Meza ya duara ya watu 10 kwa kawaida ina kipenyo cha sentimita 180, na ya watu 8 ina 150. Sahani ya chakula ina upana wa sentimita 27 hivi. Iweke sentimita 3 kutoka ukingoni, kisha acha sentimita 15 mbele yake kwa glasi na chupa. Mgeni mmoja amekwisha kutumia sentimita 45 kuelekea katikati, na wa upande wa pili ametumia 45 nyingine. Kwenye meza kubwa zinabaki 90, kwenye ndogo zinabaki 60. Usizitumie zote. Kinywaji cha pili kitakuja, sahani ya keki itakuja, na mhudumu atahitaji mahali pa kuweka vitafunwa. Pambo lenye upana wa sentimita 50 linatosha meza ya 180, na la 35 linatosha meza ya 150.

Meza ndefu za mstatili ndizo zinazowapa watu shida, kwa sababu upana wake mara nyingi ni sentimita 75 tu. Sahani mbili zinazotazamana, kila moja na sentimita 3 zake za ukingo, zinakula 60. Zinabaki 15. Hapo bakuli kubwa la maua halikai. Litasukumwa hadi mwisho wa meza kabla sala ya chakula haijakwisha. Kinachofaa ni mstari mwembamba: chupa ndogo zenye ua moja moja, au majani yaliyolazwa kwa upana wa sentimita 10 hadi 12, yakikatika kila baada ya nusu mita ili jagi la maji lipate pa kukaa.

Sasa urefu. Macho ya mtu mzima aliyekaa yako kama sentimita 40 hadi 45 juu ya uso wa meza. Chochote kinene kilicho kati ya sentimita 30 na 60 kinasimama usoni mwa watu, nao watakaa saa tano wakizungumza na ua. Pambo la chini liishie 30. La juu, sehemu yake ya maua ianzie 60 na kuendelea, na mguu wa stendi uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita 5. Kipimo cha haraka ni kuegemeza kiwiko mezani na kusimamisha mkono: pambo la chini lisifike kwenye ngumi.

Stendi ndefu zinapendwa kwa sababu zinajaza ukumbi mkubwa na kuonekana kuanzia mlangoni. Hilo ni kweli, na ukumbi wenye dari refu bila kitu chochote juu ya meza huonekana mtupu. Lakini fikiria saa ya zawadi. MC anaita upande wa bibi harusi, watu wanainuka na kucheza kuelekea meza kuu, wamebeba blanketi, ndoo, sufuria, wengine godoro. Njia kati ya meza ni finyu. Stendi ya sentimita 70 yenye kitako cha sentimita 15 itaanguka ikiguswa na bega moja. Dai kitako cha sentimita 25 au zaidi, na kama ni chepesi, kiongezewe uzito: mfuko mdogo wa mchanga uliofichwa kwa majani, au kokoto zilizooshwa. Chombo cha kioo cha maua kijazwe maji, kwani kila lita ni kilo moja. Vitambaa vya satini vinateleza, hivyo kipande cha mpira au gundi ya pande mbili chini ya kitako ni cha lazima.

Halafu usiweke stendi ndefu kwenye kila meza. Moja kwa kila meza tatu inatosha, na zikae kando ya kuta na nyuma ya ukumbi. Zikiwa katikati, zinasimama kati ya mpiga video na maharusi, na video ya harusi ndiyo itakayobaki. Meza kuu nayo iwe na pambo la chini kuliko zote, sentimita 20 hadi 25, likitambaa na kushuka ukingo wa mbele. Anayekuja kuwatazama maharusi aone nyuso zao.

Majani ya hapa kwetu

Nashauri kwa moyo wote kamati ianze na majani kabla ya maua. Pambo zuri lina majani nusu au zaidi, na mikoa hii ina majani ambayo miji ya pwani huyatafuta kwa shida.

Mkaratusi uko kila mahali kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Matawi machanga yenye majani ya rangi ya fedha hukaa siku nyingi bila kunyauka, hata nje ya maji hukauka polepole bila kusinyaa vibaya. Kati ya hayo, chukua yaliyokomaa kidogo. Vile vichipukizi laini vya ncha hulegea ndani ya saa chache, hivyo vikatwe kabisa. Kangaga kutoka Rungwe na Mufindi ni nzuri sana kwa meza za chini, ila hunyauka upesi kama haikuandaliwa: izamishwe yote majini kwa saa mbili au tatu, ikung'utwe, kisha itumike. Mipaina na misaipresi inapendeza kwa harusi za Desemba, lakini utomvu wake ukigusa kitambaa cheupe haung'oki kwa sabuni ya kawaida. Weka sahani au kipande cha kitambaa kizito chini yake. Koni za mipaina zilizoanguka ni pambo la bure kwa sherehe za usiku. Waombe wenye shamba ruhusa, ziokoteni wiki mbili kabla, na zianikwe hadi zifunguke.

Maua ya bustani nayo yapo. Mayungi meupe ya kala yanapenda ardhi yenye maji na baridi yetu. Shina lake ni laini, kwa hiyo maji yawe machache, sentimita 5 hadi 8; chombo kilichojaa maji kinaozesha shina kuanzia chini. Haidrenjia inajaza bakuli kwa vichwa vitatu tu, ila hunywa maji kupita kiasi. Ikilegea usiitupe. Kata shina upya, zamisha kichwa chote kwenye maji baridi kwa nusu saa, na mara nyingi kitasimama tena. Agapanthasi ya buluu na nyeupe inasimama vizuri. Poinsetia, ile ya ua wa nyumba yenye majani mekundu, hupata rangi hasa miezi ya katikati ya mwaka, ambayo ndiyo msimu mkubwa wa harusi baada ya mavuno. Inatoa utomvu mweupe ukiikata; ichome ncha kwa mwali wa mshumaa sekunde chache ndipo uitie majini, na usijiguse macho kabla ya kunawa. Bogenvilia iacheni ukutani. Inavutia ikiwa kwenye mti, ikikatwa inapukutika kabla ya shampeni kufunguliwa.

Kuna mimea ya kukataa kabisa. Lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, linalopandwa sana kwenye bustani za Mbeya na kunukia jioni, lina sumu katika kila sehemu yake. Halina nafasi kwenye meza ya chakula yenye watoto. Vivyo hivyo oleanda. Kala nayo inawasha mdomo na koo ikitafunwa, hivyo meza watakazokaa watoto zipewe kitu kingine. Pareto ya Umalila na Makete ni ua dogo jeupe lenye moyo wa njano, na watu huulizia mbona halitumiki. Ndani yake mna kiuatilifu, na ngozi za baadhi ya watu huwashwa nalo, libaki shambani.

Maua ya Kitulo hayachumwi. Ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, ina zaidi ya aina 40 za okidi, na kuondoa mmea hifadhini ni kosa la kisheria. Anayekuletea okidi za porini kwa bei poa ameziiba.

Baridi ina faida na hasara. Njombe na Makete, Juni na Julai, kuna usiku wa sakitu, na petali zikipigwa huamka zimekuwa kahawia. Maua ya bustani yakatwe jioni kabla ya usiku huo. Miezi mingine, kata alfajiri, umande ukiwa bado upo, ndoo ya maji ikiwa pembeni yako, si nyumbani.

Na vyombo? Vikapu vya milulu vya Iringa ni vyombo bora kuliko vioo vingi vya kukodi. Cha upana wa sentimita 20 hadi 25 kinameza kopo la plastiki la lita moja, hakivunjiki, hakitelezi, na hakihitaji kupambwa juu yake. Vyungu vya Wakisi kutoka pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, vina umbo zuri na michoro myeupe, lakini udongo wake unapitisha unyevu na kuacha duara la maji kwenye kitambaa. Weka ndani chupa ya maji iliyokatwa shingo. Maua yakae kwenye chupa, chungu kibaki kikavu. Viagizwe mapema na vifungwe kwa nyasi, maana barabara ya kupanda kutoka Kyela ina kona nyingi.

Njia nyingine ninayoipenda ni miche hai. Nunueni kwenye vitalu vya maua vya barabarani miche midogo yenye maua, iliyo kwenye viriba, muiweke ndani ya vikapu. Imwagiliwe siku moja kabla, si asubuhi ya sherehe, vinginevyo maji ya udongo yatachuruzika mezani. Panga tangu mwanzo nani ataondoka na kila kikapu, na MC atangaze. Shangazi wawili wakigombea kikapu kimoja mwisho wa sherehe, furaha inaingia doa.

Maua ya kuagiza

Waridi nyingi za kibiashara nchini zinalimwa Arusha na Kilimanjaro, na kufika kwetu ni safari ya mamia ya kilomita kwa basi. Ukiagiza, uliza mambo mawili: boksi litakaa wapi ndani ya basi, na litafika saa ngapi. Buti iliyo karibu na injini huyapika maua. Yanayopitia Dar es Salaam yanapanda mlima Kitonga, ambako lori moja likikwama, foleni inasimamisha kila kitu. Kwa harusi ya Jumamosi, maua yawe mkononi Alhamisi asubuhi. Ijumaa ni kuchelewa.

Miezi ya baridi, agiza yafike hata Jumatano jioni. Chumba cha kawaida cha Mbeya mwezi wa Juni ni baridi kiasi kwamba waridi zilizokuja zikiwa vifundo hazifunguki kwa wakati. Mpambaji aliyezoea joto la pwani anashangaa kuona Jumamosi asubuhi vifundo bado vimefumba. Dawa ni maji ya uvuguvugu na chumba chenye joto kiasi, mbali na jiko la mkaa. Joto la moja kwa moja na moshi huzichosha.

Boksi likifika, usikimbilie kupanga. Ng'oa majani yote yatakayoingia majini, kwa kuwa majani yakioza ndiyo yanayoleta bakteria wanaoziba shina. Kata sentimita 2 au 3 za mwisho kwa mshazari, kwa kisu kikali au mkasi wa bustani. Mkasi butu wa karatasi husaga mishipa ya shina. Tia kwenye ndoo iliyooshwa kwa sabuni, maji yafike nusu ya shina, na acha zinywe kwa saa sita au usiku kucha. Kwa kila lita ya maji weka kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na robo kijiko cha jiki. Sukari inalisha, limau inasaidia maji kupanda, jiki inazuia bakteria. Ukitia sukari peke yake unawalisha bakteria.

Waridi likiinamisha shingo, hewa imeingia kwenye shina. Likate upya shina likiwa ndani ya maji, livingirishe kwenye gazeti likiwa wima, liache kwenye maji mengi kwa saa mbili. Mengi huinuka.

Halafu angalia chumba. Katika nyumba ya harusi, stoo ya maua huwa ndiyo stoo ya chakula: mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, magunia ya parachichi kutoka Njombe, vyote vikiiva. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huzeesha maua. Karnesheni ndizo zinazoumia kwanza. Petali zinajikunja kwa ndani na hazirudi tena hata ukizipa maji gani. Maua yapewe chumba chake, hata kama ni cha kulala cha mtoto.

Hesabu ya ununuzi iko hivi. Pambo la chini la bakuli la sentimita 15 linahitaji waridi 9, karnesheni 5, matawi 6 hadi 8 ya mkaratusi, na jipsofila kidogo, vile vimaua vidogo vyeupe vya kujazia. Kwa meza 30 ni waridi 270. Ongeza asilimia 15 kwa zitakazovunjika au kugoma kufunguka, unapata kama 310, yaani vifungu 16 vya mashina 20. Nyongeza hiyo si anasa. Waridi zikibaki, zinakwenda kwenye meza ya keki.

Sponji, waya, na maua ya plastiki

Sponji za kuchomekea maua ni za namna mbili: ya kijani ni ya maua hai, ya kijivu au kahawia ni ya maua makavu na ya bandia. Zikichanganywa, maua hufa kabla ya saa kumi. Sponji ya kijani inaachwa ielee juu ya maji na kuzama yenyewe, kwa dakika moja au mbili. Anayeisukuma kwa mkono anafungia hewa katikati. Nje inaonekana imelowa, ndani ni kavu, na ua lililochomekwa hapo halipati kitu. Tofali moja la sponji likikatwa vipande viwili linatosha bakuli mbili, kwa hiyo meza 30 ni tofali 15, na mbili za akiba. Liinuke sentimita 2 au 3 juu ya ukingo wa bakuli ili majani ya pembeni yachomekwe kwa kuinamia chini na kuficha plastiki. Shina liingie sentimita 3 au 4, mara moja tu. Ukilichomoa na kulirudisha palepale unaacha tundu la hewa chini yake.

Anza na majani kuzunguka ukingo, kisha ua la juu kabisa katikati, kisha mengine ukizungusha bakuli kila baada ya maua mawili. Anayepanga akiwa amesimama upande mmoja hutengeneza pambo lenye mgongo, na kuna wageni watano watakaotazama mgongo huo.

Asiyetaka gharama ya sponji achukue waya wa kuku, kipande cha sentimita 30 kwa 30, aukunje uwe mpira mlegevu na kuufunga ndani ya bakuli kwa gundi. Hushika mashina vizuri, maji yanabadilishwa kirahisi, na harusi ijayo waya ni uleule.

Maua ya bandia ndiyo wapambaji wetu wengi wanayo, na si vibaya. Kwa stendi ndefu yana maana zaidi kuliko hai, kwa kuwa stendi moja ya maua hai inameza mashina 25 hadi 30, na kwa urefu ule hakuna anayeyagusa wala kuyanusa. Kinachoyaharibu ni vumbi na mikunjo ya gunia. Omba kuyaona yale yale yatakayokuja, mchana, nje ya stoo. Mikunjo inaondoka kwa mvuke wa birika, kwa umbali wa kiganja. Karibu zaidi plastiki inayeyuka. Ung'aavu wa petali ndio unaoyafichua mbele ya kamera, hivyo chagua ya kitambaa kisichometa. Mchanganyiko ninaoutetea kwa bajeti ya kawaida ni maua ya bandia ya ubora, yakiwa ndani ya majani hai ya mkaratusi na kangaga. Jicho likishaona jani hai, ua lililo pembeni yake nalo linaaminika.

Mwanga na moto

Rangi zichaguliwe chini ya taa za ukumbi, usiku. Zambarau iliyoiva, buluu nzito na damu ya mzee zinageuka nyeusi kwenye mwanga hafifu, na taa za buluu za jukwaani zinaua wekundu wote. Kama rangi ya sherehe ni mojawapo ya hizo, ibebwe na utepe, leso za mezani na sare, katikati ya meza kuwe na nyeupe, krimu au pichi inayorudisha mwanga.

Mishumaa ikae ndani ya glasi ambayo mdomo wake unapita mwali kwa sentimita 5 au zaidi, umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye ua lolote la plastiki na neti yoyote. Kwenye hema, upepo wa mchana unaizima yote kabla ya kuwasili maharusi, na nta inamwagika. Mishumaa inayoelea ni mizuri kwenye utulivu wa ukumbi, ila maji yawe meupe kweli. Masika maji ya bomba yanaweza kuja na tope, hivyo yachotwe siku mbili kabla yatuame.

Taa ndogo za betri zilizozungushwa ndani ya majani zina kazi moja ambayo mishumaa haina: umeme ukikatika, meza zinabaki na mwanga hadi jenereta iwake. Betri mpya, ziwashwe ukumbini saa moja kabla ya wageni, si asubuhi wakati wa kupamba. Zile zinazotumia betri bapa za duara, kifuniko kifungwe kwa gundi ya karatasi. Mtoto akimeza betri hiyo ni dharura ya hospitali.

Meza moja ya majaribio

Wiki mbili kabla, mwambieni mpambaji aandae meza moja kamili. Sahani kumi, glasi kumi, chupa ishirini, jagi, na pambo lenyewe. Watu wawili wakae wakitazamana. Mmoja apige picha kutoka mlangoni, taa za usiku zikiwa zimewashwa. Mambo mengi yanayoweza kuharibika yanajitokeza hapo, na bado kuna muda. Mpambaji anayekataa kufanya hivi, au anayetaka kulipwa fedha zote kabla yake, atafutiwe mbadala.

Kwenye makubaliano ya maandishi kuwe na idadi ya mapambo ya kila aina, vipimo vyake, aina ya maua hai na bandia, saa ya kumaliza kupamba, nani anagharamia glasi itakayovunjika, na saa ya kuja kuondoa. Hili la mwisho husahaulika sana. Sherehe inaisha saa sita usiku, ukumbi unataka nafasi alfajiri kwa ajili ya ibada au harusi nyingine, na vyombo vya kukodi vinabaki mikononi mwa yeyote aliyepita.

Siku yenyewe, mapambo yasafirishwe yakiwa yamekamilika nusu. Kreti ya soda yenye matundu 24 inabeba chupa ndogo za maua bila hata moja kuanguka. Bakuli zikae kwenye maboksi yaliyojazwa magazeti, na maji yapunguzwe hadi theluthi, yaongezwe ukumbini kwa jagi. Vitambaa vikishatandikwa na kunyooshwa ndipo mapambo yashuke. Mtu mmoja wa kamati, mwenye orodha, azunguke kila meza saa moja kabla: pambo liko katikati, halijaegemea, kitambaa ni kikavu, maji yamo. Wahudumu nao waambiwe wazi kwamba hakuna pambo linaloondolewa mezani bila ruhusa yake.

Baada ya sherehe, vitu vya kukodi vihesabiwe mbele ya mpambaji kabla gari halijaondoka. Sponji iliyotumika ni plastiki. Isitupwe bustanini wala mtaroni, ifungwe kwenye mfuko wa taka. Maua hai yaliyo kwenye waya au maji yana siku tatu au nne zaidi kwa baridi yetu, hivyo kama kanisa linayahitaji kwa ibada ya Jumapili, mwombeni mzee wa kanisa au katekista mapema, mkate mashina upya usiku uleule, na myalaze kwenye ndoo ya maji safi, si kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari.